UPEKUZI WA SIRI NA MIPAKA YA SHERIA

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu viwandani wasiweze kuhudhuria.)



Swali lililotuleta hapa leo limeulizwa mara nyingi katika matawi yetu, hasa upande wa Nyansiongo na Kebirigo. Swali lenyewe ni hili: je, watu wa upelelezi wa serikali wanaweza kuingia katika afisi ya chama, au katika nyumba ya mwanachama, wakati mwenyewe hayupo, wakafungua kabati, wakasoma karatasi, wakafunga tena na kwenda zao bila mwenyewe kujua? Na wakifanya hivyo, je, wamefanya halali?

Jibu letu ni kwamba sheria ya Kenya inawaruhusu, lakini kwa mlango mmoja mwembamba sana, na mlango huo unashikwa na jaji wa Mahakama Kuu. Afisa ye yote anayepita pengine, hata akiwa na kitambulisho cha serikali mfukoni, hana tofauti mbele ya sheria na mtu anayevunja duka usiku. Jambo hili twataka lieleweke sawasawa, kwa kuwa tumesikia wanachama wakisema, "Wale ni watu wa usalama, wanaweza kufanya watakavyo." Hilo si kweli. Tena tumesikia wengine wakisema, "Katiba mpya imekataza, hawawezi tena." Hilo nalo si kweli.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa kazi, wala si wanasiasa peke yao. Chama cha wafanya kazi hakina mali nyingi. Ukiingia afisini mwetu utaona meza, viti, mashini ya kupiga chapa, na mihuri miwili. Mwizi wa kawaida hatapata cha kumtosha nauli ya kurudi kwao. Lakini mna kitu kimoja ambacho watu wengine wanaweza kukitamani kuliko fedha, nacho ni majina. Mnajua jinsi tunavyoandikisha watu mahali ambapo mwajiri bado hajautambua mkono wetu. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama kikiwa na wengi, yaani zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuwa wanachama. Basi mpaka hiyo nusu ifike, mama anayechuma chai aliyetia sahihi yake leo anajificha nyuma ya wenzake. Siku fomu za makato zinapopelekwa kwa mwajiri, majina yote yanafika pamoja na hakuna wa kutolewa peke yake. Kabla ya siku hiyo, orodha ile ikitoka nje, watu ishirini wa kwanza wanaweza kuachishwa kazi kwa visingizio ishirini, na wa ishirini na moja hatatia sahihi tena. Hiyo ndiyo hasara. Hakuna kufuli lililovunjwa, hakuna shilingi iliyopotea, lakini tawi zima limekufa.

Msidhani jambo hili ni ndoto yetu tu. Huko Kanada, mwezi wa Januari 1973, polisi wa serikali kuu wa nchi ile waliingia usiku katika jumba moja mjini Montreal, wakachukua kanda za kompyuta zilizokuwa na majina ya wanachama wa Parti Québécois, wakazinakili, wakazirudisha mahali pake kabla ya kucha. Parti Québécois kilikuwa chama halali, chenye wabunge, kinachoshiriki uchaguzi kama vyama vingine. Asubuhi watu walikwenda kazini kama kawaida. Haikujulikana mpaka mwaka 1977, na kufikia wakati huo chama kile kilikuwa tayari kimeshika serikali ya jimbo lake! Serikali ya Kanada iliunda tume iliyoongozwa na Jaji McDonald, ikatoa ripoti yake mwaka 1981, na mwaka 1984 kazi ya ujasusi wa ndani ikaondolewa kwa polisi, ikapewa idara mpya isiyoweza kuingia po pote kwa siri bila waranti ya jaji.

Huko Marekani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kwa miaka mingi FBI ilivunja afisi na nyumba za watu kwa siri ili kupiga picha karatasi zao. Chama kidogo cha wafanya kazi wa kisoshalisti, Socialist Workers Party, kilishitaki serikali mwaka 1973, na kesi ikachukua miaka 13. Mwaka 1986 jaji wa New York aliamua kwamba kuingia kule kulikuwa kinyume cha sheria, akaamuru chama kilipwe dola 264,000 kwa jumla ya maovu kiliyotendewa. Kabla ya hapo, mwaka 1980, wakubwa wawili wa zamani wa FBI, Mark Felt na Edward Miller, walipatikana na hatia kwa kuamuru nyumba za jamaa na marafiki wa watu waliokuwa wakitafutwa zivunjwe bila waranti. Hawakulala gerezani, walitozwa faini, na Rais Reagan akawasamehe mwaka 1981. Lakini hatia iliandikwa. Sheria ya mwaka 1978 iliyolazimisha waranti kwa kusikiliza simu katika mambo ya ujasusi iliongezwa mwaka 1994 ikahusu kuingia nyumba pia.

Turudi kwetu. Kanuni yenyewe ni ya zamani kuliko Kenya. Tarehe 11 Novemba 1762 watumishi wa mfalme wa Uingereza, mmoja wao akiitwa Nathan Carrington, walivunja nyumba ya mwandishi John Entick mjini London, wakakaa humo saa nne, wakavunja makufuli ya masanduku yake, wakachukua karatasi. Walikuwa na barua ya waziri, Lord Halifax. Entick akawashitaki. Mwaka 1765 Lord Camden aliamua kwamba barua ya waziri si kitu ikiwa hakuna sheria iliyompa waziri uwezo wa kuitoa, na kwamba kusema "serikali inahitaji" hakumpi mtu haki ya kuingia nyumba ya mwingine. Entick akalipwa pauni 300. Waingereza walijivunia hukumu hiyo sana, wakaifundisha katika shule zao zote za sheria. Walipokuja kututawala waliiacha nyumbani, maana hapa Kenya wakati wa ukoloni Special Branch haikujisumbua na Lord Camden. Ndugu Makhan Singh na Fred Kubai walipounda East African Trade Union Congress mwaka 1949, serikali ilikataa kukiandikisha chama hicho. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Mei, wote wawili wakakamatwa, na Makhan Singh akawekwa kizuizini huko kaskazini mpaka mwaka 1961. Miaka 11 na zaidi, bila kuhukumiwa kwa kosa lo lote la kumfunga muda huo.

Tulipopata Uhuru tuliandika katika Katiba kwamba mtu hatapekuliwa mwili wala mali yake, wala watu wengine hawataingia mahali pake, bila ridhaa yake, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa katika sheria. Kifungu hicho kilikuwamo miaka yote. Sasa tazameni kilichotendeka kikiwamo. Usiku wa kuamkia mwisho wa Desemba 1977 polisi walifika nyumbani kwa Ngũgĩ wa Thiong'o huko Limuru, wakapekua maktaba yake, wakachukua vitabu na mwenyewe pia, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila mashtaka. Mwezi wa Juni 1982 ikawa zamu ya Maina wa Kinyatti, mwalimu wa historia. Polisi walipekua nyumba yake, wakabeba karatasi za utafiti wake wa miaka mingi, kisha akashitakiwa kwamba alipatikana na karatasi moja ya uchochezi. Mwenyewe alisema siku zote kwamba karatasi hiyo haikuwa yake na kwamba iliwekwa na polisi. Mahakama haikumsikiliza. Alipewa miaka sita.

Shikeni vizuri jambo hili la Maina wa Kinyatti, kwa sababu watu wakisikia habari za upekuzi hufikiri juu ya kile kinachotolewa tu. Mtu aliyeingia ndani wewe hupo anaweza kutoa, na anaweza pia kutia. Ndiyo maana sheria nzuri hutaka mwenye nyumba awepo, hutaka orodha iandikwe, hutaka vitu vipelekwe mbele ya hakimu. Masharti haya yanamlinda raia asitiliwe kitu. Tena yanamlinda polisi mwaminifu asisingiziwe kwamba ametia.

Nasi watu wa Gusii tuna wetu. George Anyona, aliyechaguliwa mbunge wa Kitutu East mwaka 1974, alikamatwa mwaka 1977 katika uwanja wa Bunge, akawekwa kizuizini pamoja na akina Ngũgĩ mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 akakamatwa tena. Mwaka 1990 akakamatwa mara ya tatu, pamoja na Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu, na mwaka 1991 wote wanne wakafungwa miaka saba kila mmoja kwa mashtaka ya uchochezi. Wazee walio hapa wanakumbuka jinsi watu wa huku walivyoogopa hata kutamka jina lake sokoni siku hizo. Alitoka mwaka 1992, akarudi Bungeni mwaka huo huo. Na sheria ya uchochezi iliyomfunga ilifutwa mwaka 1997, kwa hivyo mtu hawezi leo kupekuliwa kwa kosa hilo, kwa kuwa kosa lenyewe halimo tena kitabuni. Idara nayo imebadili jina mara kadhaa: kutoka Special Branch ikawa idara ya usalama mwaka 1986, kisha ikatengwa na polisi kwa sheria ya mwaka 1998, na tangu Katiba ya 2010 inaitwa Idara ya Kitaifa ya Ujasusi, NIS.

Sasa sheria iliyopo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya faragha, pamoja na haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba au mali yake, kutonyang'anywa vitu vyake, na mawasiliano yake kutoingiliwa. Haki hii si mwamba usiosogea. Kifungu cha 24 kinaruhusu ipunguzwe, lakini kwa sheria iliyoandikwa wazi, yenye sababu inayokubalika katika nchi huru, tena ipunguzwe kwa kadiri ya haja tu. Kwa hivyo kila mtu anayegonga mlango wako, au asiyegonga, lazima aweze kuonyesha sheria iliyomleta.

Wako wa namna mbili, na wanachama huwachanganya. Namna ya kwanza ni polisi wanaopeleleza kosa. Hawa huja wazi. Hupata waranti kwa hakimu, awe wa Kisii, Nyamira, Keroka au Ogembo, baada ya kumwonyesha kwa kiapo sababu ya kuamini kwamba kuna kitu cha kosa mahali hapo. Waranti hiyo hutekelezwa kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, isipokuwa hakimu mwenyewe ameandika saa nyingine. Wakiileta, ifungulieni mlango. Kuizuia ni kosa. Upo pia uwezo wa polisi kuingia bila waranti, chini ya Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, ikiwa kungojea hakimu kutaharibu upelelezi. Lakini hapo afisa lazima aandike sababu zake, aonyeshe kitambulisho chake akiulizwa na mwenye mahali, aandike orodha ya alichochukua, na akipeleke kwa hakimu bila kuchelewa. Asiyefanya hayo amevunja sheria ile ile anayojidai kuitumia.

Namna ya pili ni watu wa NIS, nao ndio swali letu la leo. Hawa hawaji kukushika, wanataka kujua. Na njia yao ilibadilishwa mwaka 2014. Tuseme kwa haki ilivyokuwa. Tarehe 22 Novemba mwaka ule watu 28 waliteremshwa katika basi karibu na Mandera wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 waliuawa usiku katika mahema yao kule kule Mandera. Wote hao walikuwa wafanya kazi kama sisi, waliokwenda mbali kutafuta riziki. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kusimama kikasema serikali isiwapeleleze wauaji wa namna hiyo. Tunataka wapelelezwe, tena kabla hawajaua.

Lakini katika hasira ile Bunge lilipitisha kwa wiki chache sheria ndefu ya kubadili sheria za usalama, wabunge wakirushiana maji na makaratasi, ikatiwa sahihi tarehe 19 Desemba 2014. Ndani yake kilikuwamo kifungu kipya cha 42 cha Sheria ya NIS ya mwaka 2012. Kinasema Mkurugenzi Mkuu wa Idara, akiwa na sababu za kuamini kwamba kazi ya siri inahitajika kwa usalama wa taifa, anaweza kwa maandishi kumruhusu afisa wake aingie mahali po pote, atafute, achukue au arudishe, anakili karatasi, asikilize mawasiliano, aweke chombo au akiondoe. Someni tena maneno hayo: achukue au arudishe. Aweke au aondoe. Ndiyo kazi ile ile ya Montreal, imeandikwa katika kitabu cha sheria cha Kenya.

Hata hivyo kifungu hakiishii hapo. Kinasema ruhusa hiyo lazima itaje jambo maalum, tena iambatane na waranti ya Mahakama Kuu, na muda wake ni siku 180 isipoongezwa. Basi ni karatasi mbili. Moja ya Mkurugenzi, moja ya jaji. Ya Mkurugenzi peke yake haitoshi kwa kuingia wala kwa kunakili. Barua ya waziri haitoshi, nasi tumekwisha kuona Lord Halifax alivyofanywa. Neno la mkuu wa wilaya, au simu kutoka Nairobi, au ombi la meneja wa shamba, hayana uzito hata kidogo. Na jaji anayetajwa ni wa Mahakama Kuu. Hakimu wa kawaida hana uwezo huo.

Muungano wa upinzani uliokuwa ukiitwa CORD ulikwenda mahakamani mara moja kupinga sheria ile. Majaji watano walitoa hukumu tarehe 23 Februari 2015. Walifuta vifungu vinane, pamoja na kile kilichotaka kuwabana waandishi wa magazeti na kile kilichotaka kupunguza idadi ya wakimbizi. Kifungu cha NIS hawakukifuta. Walisema faragha inaweza kupunguzwa kwa ajili ya kupambana na ugaidi, na kwamba sharti la kwenda kwa jaji linatosha kuwa kinga.

Je, linatosha kweli? Hapa ndipo sisi tunapotofautiana na majaji, kwa heshima zote. Waranti ya polisi inaletwa mlangoni, unaisoma, unaona jina lako limeandikwa sawa au si sawa, unaweza kumwita wakili. Waranti ya siri inaombwa wewe hupo, inatolewa wewe hupo, inatumiwa wewe hupo, kisha inafungiwa. Jaji amesikia upande mmoja tu. Na baada ya siku 180 hakuna kifungu kinachomlazimisha mtu kukuandikia, "Bwana, tuliingia kwako, hatukuona kitu, samahani." Ukitaka kuuliza kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, utajibiwa kwamba habari za usalama wa taifa zimetolewa katika haki hiyo. Ipo Bodi ya Malalamiko juu ya Idara, iliyotajwa katika sheria ile ile ya 2012, ambayo mtu aliyetendewa vibaya anaweza kuiandikia. Lakini atalalamikaje mtu asiyejua kwamba ametendewa? Sisi twaona sheria ingepaswa kulazimisha taarifa kwa mwenye mahali upelelezi ukiisha bila kuonekana kosa, isipokuwa jaji aone hatari. Tumeagiza katibu aandike neno hilo kwa makao makuu lipelekwe kwa wabunge.

Iko kinga nyingine ambayo wengi hawaifahamu. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utakataliwa mahakamani ikiwa kuupokea kutaharibu uadilifu wa kesi au heshima ya kazi ya mahakama. Kwa hivyo aliyeingia bila karatasi zake mbili, akatoka na daftari letu, hawezi kwa urahisi kulileta mbele ya hakimu. Kisha kifungu cha 239 kinakataza vyombo vya usalama kutumikia chama cha siasa au kudhuru haja halali ya kisiasa, na kifungu cha 41 kinampa kila mfanya kazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Kuandikisha wachuma chai si hatari kwa taifa. Jaji akiambiwa ukweli kwamba lengo ni kuona majina ya wanachama wa chama cha wafanya kazi, hana sheria ya kumruhusu mtu. Na asiyeambiwa ukweli amedanganywa, na waranti iliyopatikana kwa uongo inaweza kupingwa.

Kuna mtu atasema, sheria hufuatwa na wanyonge tu. Usiku wa tarehe 2 Machi 2006 watu wenye silaha waliofunika nyuso waliingia afisi za gazeti la Standard na kituo cha KTN, Nairobi, wakabeba kompyuta, wakaenda kwenye mitambo ya kuchapa wakachoma magazeti. Wafanya kazi wa zamu ya usiku walilazwa chini. Serikali wala haikukana. Waziri wa usalama alisema atakayemchokoza nyoka ajiandae kuumwa. Lakini kampuni ilikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaamuru fidia. Ilichukua miaka. Iliwezekana kwa kuwa wenyewe walijua kilichokuwapo, kilichochukuliwa, saa ngapi, na nani aliona.

Na hapo ndipo tunaponuia kukaa kidogo, maana hayo yamo mikononi mwetu. Afisi isiyojua ina nini haiwezi kujua imepoteza nini. Kuanzia mwezi huu kila tawi litakuwa na daftari dogo la vitu, lenye kurasa zilizotiwa nambari: mihuri, vitabu vya stakabadhi kwa nambari zake, mafaili, funguo ngapi na ziko kwa nani. Karani akifunga jioni ataandika saa na kutia sahihi. Akifungua asubuhi kadhalika. Akiona jambo lisilo la kawaida, mtoto wa meza umefunguliwa, karatasi zimepanguliwa, asiguse. Amwite mwanachama mwingine aone pamoja naye, wapige picha kwa simu, waandike walichoona, wasiandike wanachokidhani. Kisha waende kituo cha polisi siku ile ile wapewe nambari ya OB. Ndiyo, polisi. Kuvunja mahali ni kosa, na kuandikisha kosa ni haki yetu, na kukataliwa kuandikishwa pia ni jambo la kuandika.

Fomu za walioandikwa karibuni zisilale afisini wala zisikae kwa mtu mmoja. Wala msizipige picha mkazituma ovyo katika kundi la WhatsApp, kisha mkatafuta jasusi. Majina mengi ya wanachama hutoka kwa simu ya mtu aliyepanda matatu, na hapo hapahitajiwi waranti ya jaji wala bisibisi.

Tena twaomba sana: msimwite kila mwizi NIS, na msimwite kila mwenzenu jasusi. Mjini Kisii maduka huvunjwa kila wiki na vijana wasiojua chama ni nini. Tawi linaloanza kutazamana kwa macho ya pembeni limekwisha kumfanyia mpelelezi kazi yake bure. Kule Uganda afisi nyingi za mashirika ya kutetea haki zilivunjwa katika miaka ya 2012 hadi 2018, kompyuta na karatasi zikachukuliwa, na mashirika yakalalamika kwamba polisi hawakumfikisha mtu mahakamani. Nani alifanya? Hatusemi, kwa kuwa halikuthibitishwa. Tunachosema ni kwamba mwezi wa Mei 2016, katika afisi ya shirika la HRAPF mjini Kampala, mlinzi wa usiku alipigwa mpaka akafa. Vyombo vya habari vilizungumza sana juu ya mafaili.

Mlinzi huyo ndiye aliyetufanya tubadili jambo moja katika mpango wetu. Rasimu ya kwanza ilisema mlinzi wa jengo azuie mtu ye yote atakayeingia usiku. Tumeifuta. Mlinzi anayelipwa mshahara wa mlinzi hatapigana na watu wasiojulikana kwa ajili ya daftari letu, ajapokuwa mwanachama. Atauliza waranti kwa sauti, atatazama saa, atahesabu watu, atakumbuka nambari ya gari akiweza, kisha atasogea kando na kumpigia katibu simu. Nambari tatu za simu zimebandikwa nyuma ya mlango wa chini. Nambari ya wakili ni ya pili. Wanaotaka nakala ya vifungu tulivyovitaja wamwone karani kabla hawajaondoka. Zimepigwa chapa nakala 60, na matawi ya mbali, Borabu na Nyamache, yachukue kwanza.